Tusiwafunze wanafunzi kujenga nyumba zisizo na uzito

Yapo mambo yanayomfurahisha mwalimu hata akasahau kuyapima. Mojawapo ni kumwona mwanafunzi wa shule ya upili akiketi mbele ya kompyuta, au tarakilishi kama wapendavyo kuiita wanalugha wetu, na katika muda wa kipindi kimoja akaisimamisha nyumba ya ghorofa tatu. Huchora mstatili, akauvuta juu ukawa kuta, akatoboa madirisha, akaezeka paa, kisha akaizungusha nyumba yote ili wenzake waione mbele na nyuma. Darasa hupiga makofi. Mzazi akialikwa kuona, huondoka akijua kwamba karo yake haikupotea bure.

Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, kuna swali ambalo halina budi kuulizwa kabla makofi hayajatulia: je, nyumba ile ingesimama?

Swali hili lina umuhimu zaidi sasa. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na miongoni mwa masomo ya kiufundi waliyowekewa kuchagua mna ujenzi. Walimu waliozoea kufundisha uchoraji kwa rula, bikari na karatasi wanatarajiwa kuijua kompyuta pia. Programu za kazi hii hazikosekani. SketchUp, iliyotokea mwaka wa 2000, inasifika kwa wepesi wa kujifunza. Blender imekuwa huru na ya bure tangu 2002, na ikishawekwa katika mashine haihitaji intaneti. Lililo gumu ni kujua mwanafunzi afunzwe nini kwa programu hizo.

Kwanza tuipe kompyuta haki yake. Kwa miaka mingi jometri ya vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo, imewatoa jasho watahiniwa wa kidato cha nne. Mwanafunzi huchorewa mchemraba wenye herufi katika kila kona, akaambiwa atafute pembe iliyo kati ya mstari na bapa. Mchemraba wenyewe umelala ubaoni kama chapati, na pembe inayotafutwa haionekani. Wengi hukariri njia ya kukokotoa bila ya kuona wanachokikokotoa. Kwenye skrini, mchemraba ule ule huzungushwa mpaka pembe ikajitokeza. Mwanafunzi hutambua kwamba kila nukta ina anwani yake ya namba tatu, na kwamba ramani, sura ya mbele na sura ya ubavuni ni nyumba moja iliyotazamwa kutoka pande mbalimbali. Kwa manufaa haya peke yake, somo linastahili nafasi katika ratiba.

Lakini kompyuta ina ila moja kubwa, nayo ni kwamba haikatai kitu.

Tuwatazame waashi wa kale wa pwani yetu. Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, una nyumba za mawe ambazo vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Mgeni hudhani kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya wenyeji tu, kumbe sababu ni boriti. Dari za nyumba zile zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Chumba kikizidi upana wa takriban mita tatu, boriti haifiki ukuta wa pili, au ikifika hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyo juu yake. Mti ulimwambia fundi kwamba mwisho wa chumba ni hapa, naye akatii. Ndani ya mipaka hiyo alisanifu nyumba zinazosifiwa hadi leo, zenye daka mlangoni na zidaka zilizopangwa ukutani kwa ustadi. Na zidaka zenyewe haziwezekani ila ukuta uwe mnene.

Mtoto wa leo akitaka chumba chenye upana wa mita 20 kisicho na nguzo hata moja, kompyuta humpa. Akitaka ukuta mwembamba kama karatasi, humpa. Akisahau msingi, nyumba huelea wala mashine haisemi neno. Boriti ilimkanya fundi, lakini kompyuta haimkanyi mtoto. Kazi ya kukanya imebaki kwa mwalimu, na asipoifanya, hakuna mwingine darasani wa kuifanya.

Ataifanyaje? Achukue mfano wa sakafu ya ghorofa juu ya darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Sakafu hiyo iwe ya zege, na unene wake uwe sentimita 15. Kwenye skrini ni bamba jeupe lililoinuliwa kwa kidole kimoja. Sasa hesabu ifanywe ubaoni: 8 mara 6 mara 0.15 ni mita za ujazo 7.2. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400. Jumla ni kilo 17,280, yaani zaidi ya tani 17, uzito wa mifuko 345 ya saruji, kila mfuko kilo 50. Hiyo ni sakafu tupu, kabla ya madawati na wanafunzi 40 wa kuyakalia. Kisha mwalimu aulize: uzito huu unalalia wapi? Mwanafunzi aliyekuwa ameweka nguzo mbili kwa ajili ya urembo atarudi kwenye kielelezo chake kwa macho mengine.

Hesabu hii si mchezo. Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likaua watu wasiopungua 49. Septemba 2019, madarasa ya shule moja mtaani Ng'ando, Dagoretti, yaliwaangukia watoto asubuhi, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Tukumbuke kwamba wengi wa wanafunzi tunaowafunza hawatakuwa wasanifu majengo. Watakuwa wapangaji, wazazi, wanakamati wa shule na wenye ploti. Raia anayeweza kuitazama nguzo na kuuliza inabeba nini, au akauona ufa na kujua kwamba si wa lipu tu, ni kinga kwake na kwa jirani zake. Hilo ndilo fungu kubwa la somo hili, hata kwa yule asiyenuia kuchora nyumba maishani mwake.

Jambo la pili ambalo mwalimu hana budi kulileta darasani ni jua. Programu nyingi zimetungwa katika nchi za kaskazini, na mwanafunzi asipoiambia mashine kwamba yuko Kisumu, huenda ikamwonyesha vivuli vya mji wa mbali asioujua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Adhuhuri ya Juni 21, jua huwa limeegemea kaskazini ya utosi kwa nyuzi 23 na nusu hivi; mwezi wa Desemba huegemea kusini kwa kiasi kicho hicho. Dirisha linalotazama kaskazini, lenye kimo cha mita 1.2 na lililo chini tu ya paa, linahitaji upenu wa takriban sentimita 52 ili jua la adhuhuri ya Juni lisiingie. Hesabu hiyo ni ya tanjenti ya kawaida. Dirisha la mashariki au la magharibi haliokolewi na upenu wa namna hiyo, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huja chini chini. Kwa sababu hii, darasa linalopangwa vyema katika nchi yetu huelekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini. Hapa kompyuta ni msaidizi mwema, kwani huweza kuonyesha vivuli vya mwaka mzima katika dakika chache.

Wapo walimu wakongwe watakaosema kwamba yote haya yanathibitisha kuwa karatasi yatosha. Watatukumbusha jumba la KICC, lililofunguliwa mwaka wa 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya. Mnara wake wa ghorofa 28 na ukumbi wake wenye paa la umbo la koni vilisanifiwa kabla programu hizi hazijaingia ofisini. Hata AutoCAD, iliyokuja kuzoeleka na wasanifu duniani, ilitoka mwaka wa 1982. Ni kweli kwamba fikira hutangulia chombo. Lakini ofisi za leo huchora kwa kompyuta, na kumnyima kijana chombo hicho ni kumfungia mlango kabla hajaufikia. Jumba lilo hilo la KICC ni zoezi zuri kwa wanafunzi waliokomaa, ambao wakiunda upya koni na mnara wake kwenye skrini watagundua jinsi waliotangulia walivyofikiri.

Rai yetu ni kwamba muhula uanze bila ya kompyuta. Wanafunzi wagawane utepe wa kupimia na walipime darasa lao wenyewe: urefu, upana, kimo, unene wa ukuta penye mlango, na umbali kutoka sakafu hadi dirishani. Walichore kwa skeli ya 1:50, ambapo mita 8 huwa sentimita 16. Ndipo waliingize katika kompyuta. Kosa la kipimo halitafichika, kwa kuwa darasa lenyewe wamo ndani yake. Baada ya hapo wasanifu chumba kipya, wakipige hesabu ya uzito, wakionyeshe jua, kisha wakijenge kwa katoni na gundi. Mwisho aalikwe mwashi wa pale kijijini, aje na timazi yake, awaulize boriti ile inalalia wapi na maji ya mvua yatapitia wapi. Maswali ya mwashi mmoja yana faida kuliko makofi ya darasa zima.

Kuhusu uchache wa mashine, wanafunzi watatu waweza kutumia kompyuta moja, mmoja akisoma vipimo, wa pili akichora, wa tatu akikagua, nao wabadilishane zamu. Stima ikipotea, katoni na rula zipo.

Wizara ya Elimu nayo ina wajibu wake. Walimu wapewe mafunzo ya kazi hii wakiwa kazini, na alama za kazi ya mwanafunzi zisitolewe kwa wingi wa rangi na vioo. Zitolewe kwa nyumba ambayo mwenyewe aweza kuieleza jinsi inavyosimama.

Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawe mwanafunzi unayesoma haya, kabla ya kuifungua kompyuta kesho, upime kwanza ukuta wa darasa lako, na ujiulize umebeba nini.