UGOMVI WA SAMAKI KATIKA TANGI LA KIOO

Baadhi ya vijana wetu wameingiwa na shauku ya kufuga samaki wa mapambo majumbani. Miongoni mwa wapendwao mno ni wale wa rangi nyingi watokao katika miamba ya Ziwa Nyasa, waitwao mbuna. Na jina hilo la watu wa ziwani, upande wa Malawi, hata wafugaji wa Ulaya na Marekani walitumia kama lilivyo.

Lakini malalamiko ni mengi. Kijana hununua samaki wanane, na kabla mwezi mwingine haujaandama wamebaki watatu, na mmoja wao mapezi yameraruliwa. Nyumbani husemwa: “Samaki hawa wana roho mbaya.” La! Neno hilo si la haki. Huko ziwani kila dume hushika pango lake na kipande kidogo cha mwamba, ambapo hula mwani na kuwaita majike. Mwingine akiingia hufukuzwa, naye hukimbia, na mambo yakaisha. Katika tangi mshinde hana pa kukimbilia. Mshindi humwona mbele yake kila saa, akampiga mpaka akafa. Samaki hakujitia mwenyewe ndani ya kioo, basi aliyemtia ndiye wa kuulizwa.

Tangi na liwe refu, lisipungue sentimita 120, lenye kuchukua lita 200 au zaidi. Urefu wa chini una faida kuliko kimo. Ndani yake yapangwe mawe mengi yenye mapango, mapango yazidi idadi ya samaki, tena yazuie macho, ili huyu asimwone yule. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, kwani samaki hawa huchimba, na jiwe likiporomoka huvunja kioo.

Jambo la ajabu ni hili: wachache huumizana kuliko wengi. Wakiwa wanne, mwenye nguvu humwandama mnyonge mmoja tu. Wakiwa ishirini, hasira zake hutawanyika, wala hakuna mmoja abebaye mzigo wote. Ila wengi huchafua maji upesi, kwa hiyo hapana budi kuwa na chujio lenye nguvu na kubadili robo ya maji au zaidi kila juma, nayo maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Asiyeweza kazi hiyo na aache kufuga mbuna.

Kwa kila jinsi, dume mmoja awe na majike watatu au zaidi, maana jike akiwa peke yake husumbuliwa bila kupumzika. Rangi nazo zitazamwe. Mwanachuoni Konrad Lorenz wa Austria, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alieleza kuwa samaki wa matumbawe humshambulia zaidi aliye wa jinsi yake mwenyewe. Na mbuna nao huwaandama wenye sura kama zao. Anayeanza na achague Labidochromis caeruleus, yule wa manjano, ambaye ni mpole kwa kiasi chake. Melanochromis auratus mwenye milia amwache: hata jike lake ni kali, na muuzaji mara nyingi hakwambii hayo.

Ukileta wageni, walishe wenyeji kwanza, uyahamishe mawe ili mipaka ya zamani ipotee, kisha uzime taa, na uwatie wageni kadhaa pamoja, si mmoja.

Ukimwona samaki amejibana pembeni juu ya maji, haji kula, na mapezi yake yamechanika, jua kuwa anapigwa. Mtoe apone katika chombo kingine. Na yule mpigaji naye umtenge siku kadhaa. Akirudi hukuta pango lake limekwisha kushikwa na mwingine, naye huanza upya kama mgeni.