Ada ya Chuo Siyo Gharama Yote ya Chuo

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, maofisa wetu wa kata na vijiji hupokea wazazi wenye swali moja: chuo fulani kinatoza kiasi gani? Wengi huja na kipeperushi au ujumbe wa simu wenye tarakimu moja tu, kisha hurejea nyumbani kuamua ni ng'ombe gani auzwe. Mara nyingi tarakimu hiyo ni ada ya masomo pekee, na pengine ni ya muhula mmoja.

Tangu mwaka 2016, shule za umma za msingi na sekondari hadi Kidato cha Nne hazitozi ada, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita nayo ilifutwa. Kwa familia nyingi, basi, chuo ndicho cha kwanza kuwadai ada, nazo hazijazoea madai ya namna hii.

Mahali pa kuanzia ni miongozo ya udahili inayotolewa kila mwaka. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa ule wa shahada. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) hutoa ule wa astashahada na stashahada, nao huonyesha muda wa masomo na ada ya kila programu. Miongozo hiyo ipo kwenye tovuti za taasisi hizo. Chuo au programu isiyoonekana humo isilipiwe hata shilingi moja kabla ya kuuliza taasisi husika.

Waraka wa pili ni fomu ya maelekezo ya kujiunga. Humo ndimo hujitokeza usajili, kitambulisho, mitihani, bima ya afya, serikali ya wanafunzi na fedha ya tahadhari. Usijumlishe tu. Muulize mhasibu wa chuo, ikiwezekana kwa maandishi, ni malipo yapi hufanywa mara moja, yapi kila mwaka na yapi kila muhula. Uliza pia gharama za mafunzo kwa vitendo, ambayo huweza kumpeleka mwanafunzi mkoa mwingine akajitegemea kwa nauli, chumba na chakula.

Sehemu inayowaumiza wengi, hata hivyo, haimo katika fomu yoyote: maisha ya kila siku. Kipimo kizuri tunacho. Kuanzia mwaka 2022/23 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) imekadiria chakula na malazi kwa shilingi 10,000 kwa siku. Tukichukulia mwaka wa masomo wenye wiki 34, yaani siku 238, jumla ni shilingi 2,380,000. Ikiwa ada ya programu ni shilingi 1,300,000, kuishi kunakaribia kuwa mara mbili ya kusoma. Kwa miaka mitatu, vyote viwili vinafika shilingi 11,040,000, kabla ya nauli na vifaa. Mzazi aliyeuza shamba kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza hana budi kujua hesabu hii kabla ya kuuza, kwa sababu mwaka wa pili shamba halitakuwepo.

Mkopo hupunguza mzigo huo, lakini si lazima ufike asilimia mia. Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji, na anayepangiwa sehemu ya ada huijazia mwenyewe. Kwa stashahada, mikopo iliyoanza mwaka 2023/24 hutolewa kwa fani za kipaumbele tu. Hakikisha kwanza kama fani ya mtoto imo. Tena mkopo ni deni: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize.

Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, vihakikiwe mapema kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Yatima asiye na cheti kilichohakikiwa hana namna ya kuthibitisha hali yake mbele ya Bodi. Saini na mihuri ya Serikali za vijiji na mitaa inayohitajika katika fomu za mkopo hutolewa na watendaji wetu.