UVIMBE WA SHINGO HAUISHIE KU SHINGO



Mu namba hii tunataka kuwaeleza maneno ya goita, ni kusema ule uvimbe wenye unatoka mbele ya shingo. Hatukuchagua hii habari bure. Mu kiwanja cha masomo kuna wadogo wetu wenye wanaitwa majina mabaya sababu ya shingo yao. Mu avenue za Kamalondo pia tunasikia watu wanasema: "Ule mama balimuloga," ao "Iko na kitu mu shingo, musikule naye." Sisi wa mwaka wa mwisho, wenye tunasoma kemia na biolojia, tunaona kama hayo maneno yanaumiza mutu mara mbili: yanamupa haya, kisha yanamuzuia kwenda kwa munganga. Na kumbe ugonjwa wenyewe haubakie ku shingo tu. Unaweza kufika mpaka ku moyo.

TIROIDI NI KITU GANI?

Mbele ya shingo, upande wa chini, kuna tezi moja yenye sura ya kipepeo. Inaitwa tiroidi. Kwa mutu mukubwa mwenye afya, uzito wake ni karibu gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni ni ujumbe wenye tezi inatia mu damu, ili viungo vya mbali vipate amri. Homoni kubwa za tiroidi ni mbili: T4, yenye chembe 4 za iyodi, na T3, yenye chembe 3. Bila iyodi hakuna homoni. Ni kama mbabula: hata ikiwa muzuri namna gani, bila makala hautapika bukari.

Chini ya ubongo kuna tezi ingine ndogo yenye inachunga tiroidi. Ikiona homoni zinapunguka mu damu, inatuma ujumbe wenye kuitwa TSH, ni kama kusema: "Ongeza kazi!" Basi tiroidi inajikaza na inakuwa kubwa, ili ikamate hata ile iyodi kidogo yenye kupita. Ule ukubwa ndio goita. Kwa hiyo goita si uchawi, na haiambukize. Mara nyingi ni tezi yenye inatumika sana sababu ya njaa ya iyodi. Unaweza kula mu sahani moja na mwenye goita bila woga.

NAMNA GANI INAFIKA KU MOYO?

Homoni za tiroidi ndizo zinapanga mwendo wa mwili wote: joto, namna mwili unatumia chakula, na mapigo ya moyo.

Zikipunguka, kila kitu kinaenda polepole. Mutu anasikia baridi hata wakati wenzake wanatoka jasho, anachoka, anaongeza kilo, anasahau. Moyo unapiga polepole. Ini halisafishe mafuta mu damu vizuri, basi kolesteroli inapanda, na kolesteroli ikipanda kwa miaka mingi inaharibu mishipa ya damu. Ugonjwa ukizidi, maji yanaweza kujaa mu mfuko wenye kuzunguka moyo.

Zikizidi, ni kinyume. Mutu anakonda hata akikula sana, mikono inatetemeka, hapate usingizi, moyo unakimbia hata akiwa amekaa. Wakati mwingine moyo unapoteza mupango wake, unapiga ovyo ovyo, na mwisho unaweza kushindwa kazi. Mutu kama huyo anaweza kusema "niko na maneno ya moyo tu", kumbe mwanzo wake uko mu shingo.

INCHI YETU ILIFUNDISHA DUNIA

Tusizani kama hizi elimu zilitoka Ulaya tu. Sehemu kubwa ilipatikana huku kwetu Kongo. Mu Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Mu miaka ya 1960, munganga François Delange na wenzake wa IRSAC, ile nyumba ya utafiti ya Lwiro karibu na Bukavu, walipima watu wa kile kisiwa. Upande wa kaskazini, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na goita. Upande wa kusini-magharibi, ni wachache tu. Lakini iyodi ilikuwa kidogo pande zote mbili! Basi tofauti ilitoka wapi?

Walitafuta mu chakula, na wakafika ku muhogo. Muhogo wenye haukutengenezwa vizuri unabakiza sumu ya sianidi. Mwili unageuza ile sumu kuwa kitu kingine, tiosianati, na hiyo tiosianati inazuia iyodi kuingia mu tiroidi. Mutu mwenye iyodi ya kutosha hasikie sana hiyo shida. Mwenye njaa ya iyodi ndiye anaumia. Mu 1971 Delange na Ermans walitangaza hayo maneno, na kisha utafiti uliendelea mu Ubangi, kaskazini-magharibi ya inchi.

DAWA NZURI INAWEZA KUUMIZA

Hapa ndipo tunaomba musome polepole, sababu ndilo neno kubwa la hii habari.

Kule kaskazini watu walikosa pia seleniyumu, madini ingine yenye mwili unahitaji kidogo tu. Mutu angefikiri: "Wanakosa vitu viwili, tuwape kimoja, itakuwa faida." Contempré na wenzake walijaribu kwa uangalifu: waliwapa watu, na kati yao wanafunzi wa masomo, seleniyumu kwa miezi miwili, mbele ya kuwapa iyodi. Homoni T4 mu damu ilishuka zaidi. Sababu gani? Seleniyumu inasaidia mwili kutumia T4 kwa haraka. Iyodi ya kutengeneza ingine haikukuwako. Ni kama kufungua matundu ya mbabula wakati makala imebakia kidogo: moto unawaka sana, kisha unazimika mbio. Walitangaza hayo mu 1991, na wakaonya watu wasigawe seleniyumu ovyo mu fasi zenye kukosa iyodi.

Fundisho la pili lilitoka Kivu. Chumvi yenye iyodi ilipofika kule, watu fulani walianza kuwa na homoni za kupita kiasi. Tezi yenye ilivimba kwa miaka mingi inaweza kuota vinundu vyenye havisikie tena amri ya TSH. Vikipata iyodi nyingi kwa mara moja, vinatengeneza homoni bila kusimama, na moyo unaanza kukimbia. Habari hiyo ilitoka mu gazeti la waganga The Lancet mu 1996.

Je, tuache chumvi ya iyodi? Hapana! Inaokoa watu wengi sana, na zaidi watoto. Fundisho ni kwamba lazima kupima. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kilo moja ya chumvi iwe na miligramu 15 mpaka 40 za iyodi. Si chini, si juu.

NA SISI WA LUBUMBASHI?

Bahari iko mbali nasi, na watu wengi mu nyumba zetu wanategemea chumvi ili wapate iyodi. Mu 2014 gazeti la utafiti lenye kuitwa Thyroid lilichapisha kazi yenye ilifanywa hapa Lubumbashi kati ya mama wenye mimba. Ilionyesha kama matatizo ya tiroidi ni mengi kati yao. Hii si habari ndogo. Mutu mukubwa anahitaji mikrogramu 150 za iyodi kwa siku, lakini mama mwenye mimba anahitaji 250. Mu miezi ya kwanza mutoto mu tumbo hana homoni zake. Anategemea zile za mama. Zikikosa sana, ubongo wa mutoto unaumia, na hiyo hasara hairudishwe kisha.

TUFANYE NINI KU NYUMBA?

1. Tuambie mama zetu na dada zetu wanunue chumvi ya mufuko wenye kuandikwa kama iko na iyodi. Ile yenye inakaa wazi mu soko, ku jua na ku mvua, inapoteza iyodi yake.

2. Ku nyumba tuiweke mu kikopo chenye kifuniko, mbali na moto. Ni vizuri kuitia mu chungu wakati chakula kinakaribia kuiva.

3. Tusiongeze chumvi kwa kuwaza kama tunatafuta iyodi. Chumvi nyingi inapandisha damu. Isipite gramu 5 kwa siku, lakini iwe yenye iyodi.

4. Muhogo wa uchungu ulowekwe siku za kutosha, kisha ukaushwe vizuri. Sombe itwangwe na ichemke vizuri.

5. Mwenye uvimbe, ao moyo wenye kukimbia bila sababu, ao uchovu wenye hauishe, aende ku hopitali aombe kupimwa damu: TSH na T4. Asinunue dawa ya iyodi mwenyewe ku famasi, sababu munganga tu ndiye anaweza kujua kama homoni zimepunguka ao zimezidi. Kwa macho, shingo mbili zinaweza kufanana, na dawa ya moja ikadhuru ingine.

6. Kuanzia leo, hakuna mwanafunzi wa kuitwa jina la ubaya sababu ya shingo yake. Sisi viongozi wa wanafunzi tutalichunga hilo mu madarasa yote. Mwenye kuona mwenzake ana uvimbe amuambie kwa upole, pembeni, na ikiwezekana amusindikize ku hopitali.

Mwenye swali aliandike na alete kwa kiongozi wa darasa lake. Tutajaribu kujibu mu namba yenye itafuata.