Joto la Bahari Wakati wa Kusi na Kaskazi

Maji ya bahari hayana joto lililo sawa toka juu hadi chini. Miale ya jua hufyonzwa karibu na uso, na maji yaliyopata joto, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi yaliyo mazito. Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili katika bilauri ya maji baridi: maji moto yaliyotiwa rangi, yakimiminwa polepole, huelea juu, yakikorogwa, huchanganyika.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mkorogaji ni upepo. Kusi, ivumayo kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, huchanganya maji hadi kina kirefu na kuongeza mvuke uondoao joto; uso wa bahari hupoa hadi nyuzi 25 hivi za Sentigredi. Kaskazi huwa nyepesi zaidi. Inapofifia mwezi wa Machi, bahari hutulia, jua la utosi hupasha tabaka jembamba tu, na joto hufikia nyuzi 29 au zaidi.

Matumbawe mengi huishi katika tabaka hilo. Mwaka 1998 joto lilipopita kiasi, yaliufukuza mwani mdogo uyalishao, yakawa meupe, na mengi yakafa katika pwani za Kenya na Tanzania. Mwaka 2016 yaligeuka meupe tena. Kadiri bahari za dunia zinavyozidi kupata joto, ndivyo utulivu wa Machi unavyozidi kuwa wa hatari kwa matumbawe, na kwa samaki wayategemeao.