Tunaendelea Kwenda Wapi?

Ni maneno machache tunayoyasikia mara nyingi kama hili, "maendeleo". Latajwa barazani, shuleni, na hata mimbarini. Lakini maana yake hasa ni nini?

Neno hili limetoka katika "kuendelea", na "kuendelea" limetoka katika "kwenda". Basi mtu akisema anaendelea, ni haki kumwuliza maswali mawili: Waenda wapi? Na waenda pamoja na nani?

Tuchukue mfano wa reli yetu. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Safari ya miguu ya miezi ikawa safari ya siku chache. Nairobi, iliyokuwa kambi tu ya wajenzi, ikawa mji. Hayo ni maendeleo, wala hatukatai. Lakini vibarua wapatao 2,500 waliotoka Bara Hindi walipoteza maisha yao. Nao Wanandi, waliokataa kuingiliwa katika nchi yao, walipigana miaka mingi, hata mwaka 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa na afisa Mwingereza katika mkutano ulioitwa wa amani. Reli ni ile ile moja. Aliyepanda gari la moshi aliona maendeleo. Aliyepokonywa ardhi aliona msiba.

Hatusemi hayo ili tuichukie reli. Tangu mwaka 2017 reli mpya yatutoa Mombasa hadi Nairobi kwa muda wa saa tano au sita hivi, na zamani tulilala njiani. Ni jambo jema. Lakini tujiulize: saa tulizookoa tumezipeleka wapi? Je, twapata nafasi zaidi ya kwenda kumwona mama kijijini?

Sisi makasisi nasi tuna la kuungama. Katika parishi moja tulifanya harambee, tukang'oa mabati makuukuu ya kanisa, tukaezeka mapya. Siku ya shukrani, mjane mmoja aliyetoa shilingi zake hakuonekana. Tulipokwenda kwake jioni tulimkuta ana homa ya siku nne, na mtungi wake wa maji umekauka. Siku zote nne tulikuwa tukipita mlangoni pake tukibeba misumari.

Bwana Yesu alisimulia habari za tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Kosa lake halikuwa ghala. Alifanya shauri peke yake, akajisemea moyoni, asimkumbuke Mungu wala jirani.

Basi, ndugu msikilizaji, juma hili, kabla hujayapima maendeleo yako kwa mabati, gari au simu, geuka utazame njia uliyopita. Ni nani uliyemwacha nyuma? Mrudie, mshike mkono, ndipo mwendelee pamoja.

Bwana na atusaidie. Amina.