Saa, Siku na Miadi katika Kiswahili

Hesabu ya saa kwa Kiswahili huanza pamoja na mchana, wala haianzi katikati ya usiku. Saa moja asubuhi ni saa 7 kwa hesabu ya Kizungu, na saa moja usiku ni saa 19. Asili yake ni kucha na kuchwa kwa jua, mambo ambayo karibu na Ikweta hayabadiliki sana mwaka mzima. Kiganda, Kinyarwanda na Kirundi nazo huhesabu vivyo hivyo. Kwa watu wakaao mahali pamoja hesabu hii yatosha; matata huzuka miadi iwekwapo baina ya watu wa nchi mbalimbali.

Hapana budi kupambanua tofauti mbili. Ya kwanza ni ya lugha: saa tatu asubuhi na saa 9 ya Kizungu ni majina mawili ya wakati ule ule. Ya pili ni ya mahali: dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na kwa hiyo jua huwachea watu wa Maskati kabla ya watu wa Dar es Salaam. Tanzania, Kenya na Uganda zimeitangulia saa ya Greenwich kwa saa 3. Rwanda, Burundi na Lubumbashi kwa saa 2. Kinshasa kwa saa 1. Omani kwa saa 4. Basi mtu wa Bujumbura atajapo saa tatu asubuhi, Dar es Salaam ni saa nne. Wote wawili huhesabu namna moja, na kwa sababu hiyo hasa tofauti hujificha.

Njia iliyo salama ni kubadili mahali kwanza, kisha jina. Mkutano uliotangazwa London kuwa saa 16 mwezi wa Januari utakuwa saa 19 Dar es Salaam, yaani saa moja usiku. Mwezi wa Julai, Waingereza wakiwa wamesogeza saa zao mbele kwa saa 1, mkutano huo utakuwa saa 18, yaani saa kumi na mbili jioni.

Hata hivyo, kosa lililo kubwa kuliko yote halitokani na saa, bali na siku. Kwa desturi ya kale ya mwambao, ifuatayo hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua lichwapo. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Afuataye kalenda ya ofisini huyaelewa maneno hayo haya kuwa ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Aliyealikwa aweza kufika siku nzima baada ya shughuli kwisha, na hakuna tofauti ya saa baina ya nchi hizi iliyo kubwa kiasi hicho.

Dawa imo ndani ya lugha yenyewe. Usemi “usiku wa kuamkia Ijumaa” hauna utata. Kadhalika, tangazo lisemalo “saa 9” tu laweza kusomwa kuwa ni asubuhi kwa Kizungu au alasiri kwa Kiswahili. Yafaa basi kila tangazo litaje sehemu ya siku, mji ambao saa yake inafuatwa, na tarehe.