Kamera Kibandani

Ukipita Umoja jioni, wakati akina mama wauza mboga wanawasha taa zao, utasikia watu wakishangilia bao ilhali uwanja huuoni. Fuata kelele hizo. Utafika kwenye kibanda cha mabati chenye televisheni mbili na vijana waliobanana kama abiria wa matatu saa ya kwenda kazini. Humo ndimo timu ya mtaa wetu hufanyia mazoezi ya soka ya video. Agosti mwaka jana niliamua kuitengenezea timu hiyo filamu ya matukio ya kweli, na kwa kuwa wengi mmeniuliza filamu kama hiyo hutengenezwaje, haya, tegeni sikio.

Kwanza, msidhani ni upuzi. Mwaka 2018 Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani kwa ustadi wake katika mchezo wa Tekken. Mwaka 2011 kule Cologne, Ujerumani, timu iliyoshinda mashindano ya Dota 2 ilitia kibindoni dola milioni moja. Kuna filamu kuhusu wachezaji watatu wa mashindano hayo, Free to Play, iliyotoka mwaka 2014. Niliitazama mara tatu. Ni tamu, ila aliyeitengeneza ni Valve, kampuni ile ile yenye mchezo wenyewe. Mimi nilitaka filamu huru, yaani ile ambayo hakuna mwenye mali wa kukuamulia nini kikatwe na nini kibaki. Sikujua kwamba hata kibandani kuna mwenye mali.

Vifaa vyangu vilikuwa simu ya binamu na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola. Simu hula karibu GB 8 kwa kila saa ya picha, kwa hivyo kila usiku nilikuwa nikifuta na kuhamisha. Siku ya kwanza nilielekeza kamera kwenye televisheni tu. Kufika nyumbani, lo! Mistari myeusi ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya picha yote. Mwalimu wa kompyuta alinieleza kwamba televisheni nyingi huchora picha upya mara 60 kwa sekunde, na balbu nayo humetameta kwa kufuata umeme wetu ambao ni wa mizunguko 50. Kamera haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Nikaiweka iende na televisheni, nikaomba balbu izimwe. Basi nyuso za wachezaji zikabaki zikiangazwa na skrini peke yake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba filamu iko kwenye nyuso. Isitoshe, picha na nyimbo za mchezo zina wenyewe. Ukizitumia ovyo filamu yako itazimwa sauti.

Tena sikuwa wa kwanza mtaani kushika kamera. Mwaka 1997 vijana wa chama cha michezo cha MYSA, kule Mathare, walipewa kamera za plastiki wapige picha za maisha yao wenyewe, na mwaka 1999 picha hizo zikawa kitabu, Shootback. Naye Sam Soko alipomfuata Boniface Mwangi, aliyegombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, hakuishia mikutanoni. Aliingia hadi nyumbani, kwa mke na watoto. Filamu hiyo, Softie, ilionyeshwa Sundance mwaka 2020. Nami nikamwuliza nahodha wetu, "Buda, naweza kuja kwenu?" Akasita. "Mathe hajui mambo ya gemu," akasema.

Fainali ilichezewa Kayole. Nahodha alishindwa kwa penalti. Akatoka nje, akaketi kwenye ngazi na kulia kama mtoto, nami sikuzima kamera. Kesho yake akanijia. "Hiyo ya mimi kulia, toa. Watu watanicheka hadi nizeeke."

Kabla sijamjibu, mwenye kibanda naye akanijia na lake. Katika picha za Jumanne moja, saa nne asubuhi, walionekana wavulana wawili wenye sare za shule. (Msiniulize mimi nilikuwa nikifanya nini pale saa hiyo; nilikuwa nimerudishwa nyumbani karo, na huenda hao pia.) "Hiyo itanifungia biashara," akasema. "Na kumbuka stima ni yangu." Kweli, alikuwa akituchajia simu bure tangu Agosti.

Nililala siku tatu bila jibu. Mwishowe nilificha nyuso za wale wavulana, kwa kuwa hawakuniomba kuwa filamuni, lakini sare nikaziacha. Ningezitoa, ningekuwa nimetengeneza tangazo la kibanda. Tangu siku hiyo sikuchaji simu pale tena.

Ya nahodha ilikuwa ngumu zaidi. Ana miaka 17, kwa hivyo idhini ni yake na ya mzazi pia. Tulikubaliana mama yake aitazame kwanza, naye ataamua baadaye. Jioni moja nikaenda kwao. "Habari ya jioni, mama." "Nzuri, kijana wangu. Leta hiyo simu nione." Akatazama penalti, akatazama ngazi, kimya. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kumbe kuna kitu unakipenda hivi? Kila siku nakuambia usome unanuna tu." Nahodha akainama, akacheka kidogo. "Sawa, iache," akaniambia.

Filamu ina dakika 14. Desemba tuliionyesha kwenye ukuta wa ploti, kwa projekta ya kanisa. Mwenye kibanda alikuja, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya mwisho. Tukikutana njiani hunisalimia, lakini kuhusu filamu hajasema neno hadi leo.